Habasoda, shubiri na manjano: dawa ya matumbo tuipime vipi?

Ukipita Marikiti au Kongowea, au ukifungua simu yako usiku kabla ya kulala, hukosi kumkuta mtu anayeuza dawa ya matumbo. Chupa moja, maradhi kumi: vidonda vya tumbo, amiba, bawasiri, gesi, choo kigumu, kuhara damu. Muuzaji ana sauti ya upole, ana watu watatu waliorekodi ushuhuda wao kwenye WhatsApp, na mara nyingi ana hadithi ya Mtume (SAW) ya kuitilia nguvu biashara yake. Bei yake si ya bure, lakini hakuna foleni, na hakuna atakayekwambia uvue nguo.

Makala haya hayakuandikwa kuwatukana waganga wa miti shamba. Wengi wetu tumelelewa kwa majani ya mkilifi, mti ambao wenzetu wa Tanzania wanauita mwarubaini kwa kuaminiwa kwamba unatibu maradhi arubaini. Nataka tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja tu, kwa sababu unaonyesha vizuri kuliko mengine jinsi mtu anavyoweza kuapa kwamba amepona hali ndani ya mwili moto haujazimika.

Madaktari huuita IBD. Si vidonda vya tumbo vya kiungulia tulivyovizoea. Huu ni ugonjwa wa kudumu ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe, utumbo ukavimba, ukachubuka na kutoa damu. Uko wa namna mbili kubwa. Wa kwanza hukaa kwenye utumbo mpana peke yake na kuchimba vidonda kwenye ngozi ya ndani. Wa pili unaitwa Crohn, kwa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka wa 1932, na huo unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, tena huchimba ndani zaidi hata kutoboa. Mgonjwa huharisha wiki baada ya wiki, pengine kwa damu na makamasi, tumbo humkata, uzito hupungua, viungo humuuma, na usiku huamka kwenda chooni.

Hapa kwetu mtu wa namna hii kwanza hutibiwa amiba. Akirudi, hutibiwa homa ya matumbo. Akirudi tena, huambiwa ni mawazo. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu wauguzi wa zahanati, kwani amiba zipo na ni nyingi. Kuna na jambo jingine zito: kifua kikuu cha matumbo hufanana sana na Crohn, hata kwa macho ya bingwa anayetazama kwa kamera. Na baadhi ya dawa za Crohn hupunguza kinga ya mwili, kwa hivyo ukimpa mwenye kifua kikuu utakuwa umemuongezea. Ndiyo maana ugonjwa huu hautajwi kwa kubahatisha, si na daktari, si na muuza chupa. Lazima kamera ipitishwe, kipande kidogo cha utumbo kikatwe na kupelekwa maabara.

Sasa tuje kwenye ushuhuda, maana hapo ndipo penye kiini cha mambo.

IBD hupanda na kushuka. Mgonjwa hukaa miezi miwili hali mbaya, kisha tumbo likatulia lenyewe, akala pilau na biriani kama watu, halafu siku moja damu ikarudi. Na mtu huitafuta dawa wakati gani? Anapokuwa amezidiwa kabisa, si anapokuwa mzima. Kwa hivyo dawa yoyote atakayoinywa siku ile, hata ikiwa maji ya kisima yaliyotiwa rangi, ina nafasi nzuri ya kukutana na wakati ambao ugonjwa ulikuwa unashuka kwa mwendo wake.

Hili limepimwa. Katika majaribio ya dawa za vidonda vya utumbo mpana, kundi moja la wagonjwa hupewa vidonge vitupu visivyo na dawa, wala hawajui. Matokeo ya majaribio mengi yalipokusanywa pamoja, ilionekana kwamba zaidi ya wagonjwa 30 katika kila 100 waliomeza vidonge vitupu walipata nafuu, na kama 10 hivi walitulia kabisa kwa muda. Fanya hesabu hiyo kwa muuzaji wetu wa Kongowea. Akiuza chupa 100 kwa wagonjwa wa kweli wa IBD, na chupa hizo hazina kitu, bado atapata watu 30 wa kumshukuru na kumpigia debe. Hahitaji kusema uwongo, na pengine mwenyewe anaamini kwa moyo safi. Wale 70 waliobaki hawarekodi sauti. Wengine wanaona haya, wengine wamehamia chupa nyingine.

Tuliliona hili kwa ukubwa wake mwaka wa 2011, watu walipomiminika kwa Babu wa Loliondo, marehemu Ambilikile Mwasapila, kule Samunge, Tanzania. Kikombe kimoja kwa shilingi 500 za huko. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi, na Wakenya hawakubaki nyuma. Ushuhuda ulikuwa mwingi kuliko vikombe. Walioumia ni wale walioacha dawa za Ukimwi au za kisukari wakiamini kazi imekwisha.

Kwa hivyo swali la kuuliza juu ya mti wowote si kama kuna mtu aliyeunywa akapata nafuu, maana huyo hatakosekana. Swali ni kama umeshinda vidonge vitupu, na umeumiza nini njiani. Na hapa naomba tusiwe na ubishi wa upande mmoja, kwa sababu miti mingine imejaribiwa kwa haki na majibu yake hayafanani.

Manjano ndiyo yenye habari nzuri zaidi. Ndani ya bizari ya manjano mna kitu kinachoitwa kurkumini, hicho ndicho kinachotia rangi. Mwaka wa 2006 madaktari wa Japani walitoa matokeo ya wagonjwa 89 wa vidonda vya utumbo mpana ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia. Wote waliendelea na dawa zao za hospitali. Nusu waliongezewa gramu 2 za kurkumini kwa siku, nusu vidonge vitupu. Baada ya miezi sita ugonjwa ulikuwa umewarudia watu 2 kati ya 43 wa kundi la kurkumini, na 8 kati ya 39 wa kundi la pili. Mwaka wa 2015 likaja jaribio jingine la wagonjwa 50 ambao ugonjwa ulikuwa unawasumbua ingawa wanameza dawa ya mesalazini. Waliopewa gramu 3 za kurkumini juu ya dawa yao, zaidi ya nusu walitulia ndani ya mwezi. Waliopewa vidonge vitupu, hakutulia hata mmoja.

Haya ni matokeo ya kuheshimiwa. Lakini soma vizuri: juu ya dawa yao. Hakuna aliyeambiwa aache mesalazini anywe manjano. Pia ni majaribio madogo, na ni ya vidonda vya utumbo mpana. Wafaransa walipojaribu kurkumini kwa wagonjwa 62 wa Crohn waliokuwa wamepasuliwa, na matokeo yakatolewa 2020, haikusaidia kitu zaidi ya vidonge vitupu. Na kuna suala la kipimo. Unga wa manjano una kurkumini kama gramu 3 tu katika kila gramu 100. Ili upate gramu 2 za kurkumini utahitaji unga wa gramu 65 hivi, yaani kama vijiko 20 vya chai, kila siku. Maziwa ya manjano ya usiku ni kinywaji kizuri, nami nayapenda, lakini si kile kilichojaribiwa Japani. Vidonge vya madukani navyo vina mambo yake: vile vyenye nguvu nyingi vimewahi kuhusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watu. Na unga wenyewe si kila mara msafi. Huko Bangladesh watafiti waligundua manjano yaliyotiwa rangi yenye risasi ili yang'ae. Ukiweza, nunua mizizi mizima ukasagishe mwenyewe.

Shubiri inafuata, na hii lazima tuitazame kwa makini kwa sababu kosa lake ni rahisi. Huko Uingereza mwaka wa 2004 wagonjwa 44 walipewa ama ute wa shubiri, mililita 100 mara mbili kwa siku, ama kinywaji kinachofanana nao. Baada ya wiki nne, 9 kati ya 30 waliokunywa shubiri walikuwa wametulia, na 1 kati ya 14 wa upande wa pili. Ni dalili tu, idadi ni ndogo mno. Lakini kilichotumika ni ule ute mweupe wa ndani uliosafishwa. Sisi wa Pwani tukisema shubiri tunakusudia yale maji ya manjano, machungu, yanayotoka chini ya ganda. Hayo ni haluli kali. Marekani iliyaondoa kwenye dawa za kuharisha zinazouzwa bila cheti cha daktari tangu 2002. Ukimpa mtu ambaye tayari anakwenda chooni mara kumi kwa siku, unamkausha maji na chumvi za mwili. Hivyo hivyo sanamaki. Najua wapo wanaosafisha tumbo kwa sanamaki kila wanapoona Ramadhani inakaribia. Mwenye IBD iliyopanda asikaribie.

Ubani nao una sifa kubwa, na mantiki yake si mbaya, kwani mna vitu vinavyopunguza uvimbe. Wajerumani waliujaribu ubani wa Kihindi kwa wagonjwa wa Crohn kwa mwaka mzima, na matokeo yakatoka 2011. Waliobaki salama walikuwa kama 60 katika 100 kwa waliomeza ubani na kama 55 kwa waliomeza vidonge vitupu. Tofauti hiyo haina maana. Haukuwadhuru, lakini pia haukuwalinda.

Halafu kuna mti ambao wengi hawaujui hapa lakini umeanza kuuzwa mitandaoni. Ni unga wa nili, ule wa majani, si ile buluu ya kufulia kanzu. Wachina wanauita qing dai. Wajapani waliujaribu kwa wagonjwa 86 na kutoa matokeo mwaka wa 2018: kati ya waliopewa, watu 7 au zaidi katika kila 10 walipata nafuu, ilhali waliopewa vidonge vitupu hawakufika 2. Dawa nyingi za kiwandani hazina matokeo kama hayo. Lakini jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Wagonjwa wengine nchini humo, waliokuwa wakijinunulia unga huo wenyewe, walikutwa na presha ya mishipa ya mapafu, ugonjwa unaouchosha moyo na unaoweza kuua. Serikali ya Japani ilikuwa imeshatoa onyo mwishoni mwa 2016. Nimeutaja kwa sababu unavunja maneno mawili tunayoyapenda kwa pamoja: kwamba miti haina nguvu, na kwamba miti haina madhara. Mti ukiwa na nguvu ya kutibu basi una nguvu ya kudhuru vilevile.

Nimeiacha habasoda mwisho kwa adabu yake. Hadithi yake ni sahihi, imo katika Bukhari, na hakuna Muislamu anayebishana nayo. Lakini wanazuoni wenyewe, tangu zama za al-Khattabi, walieleza kwamba maneno yale ya kutibu kila ugonjwa yamekuja kwa ujumla na makusudio yake ni mahususi, na kwamba habasoda hutumika kwa namna na kiasi kinachoafiki maradhi. Majaribio ya habasoda kwa IBD ni machache na madogo, na hayajatoa jibu la kumfanya mtu aache dawa. Kuila na asali asubuhi, kwa kiasi cha kawaida, ni jambo jema. Kumwambia mgonjwa anayetoka damu kwamba akiwa na imani ya kweli hahitaji vidonge, hayo ni maneno ya muuzaji, si ya hadithi.

Na kuna kisa kingine katika Bukhari ambacho wauzaji hukitumia sana: yule bwana aliyekuja kulalamika juu ya tumbo la nduguye, akaambiwa amnyweshe asali, akarudi mara kadhaa akisema linazidi, na kila mara akaamrishwa arudie, mpaka akapona. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka wa 1350, alikieleza kisa hiki kitabibu. Alisema tumbo lile liliharibika kwa shibe iliyopita kiasi, na asali ilifaa kwa kusukuma nje kilichokuwa ndani, tena kurudia kulihitajika ili kiasi cha dawa kifikie kiasi cha maradhi. Yaani aliuliza tumbo linaumwa nini, dawa inafanya nini, na kipimo ni kipi. Mwenye chupa wa leo haulizi hata moja. Na hadithi aliyoipokea Abu Daud na wengine, inayomtwika dhamana mtu anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo, sijaisikia ikisomwa kwenye tangazo lolote la dawa.

Juu ya hijama, au kuumika kama walivyosema wazee wetu, nina neno moja tu. Mwenye IBD inayotoa damu mara nyingi tayari ana upungufu wa damu. Apimwe kiwango chake kwanza kabla ya mtu kumchanja.

Upande wa sheria mambo yamelegea. Sheria ya Afya ya 2017 inaitambua tiba ya asili na inataka iwekewe sera na chombo cha kuisimamia. Bidhaa za miti shamba zinatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Lakini waganga wenyewe kwa miaka mingi wameandikishwa kupitia idara ya utamaduni. Kwa hivyo cheti unachokiona kimetundikwa ukutani, chenye nembo ya serikali, huenda kinasema tu kwamba huyu ni mlinzi wa utamaduni. Hakisemi kwamba kuna aliyeipima chupa yake. Na chupa zisizopimwa zina hatari moja inayonitisha kuliko nyingine. Katika nchi mbalimbali mamlaka zimekamata dawa za miti zilizochanganywa steroidi kwa siri. Steroidi hutuliza utumbo haraka, ndani ya siku chache, hata mgonjwa akasema huu ndio mwujiza. Kumbe anameza prednisoloni ile ile ya hospitali bila kipimo wala mwangalizi. Sukari hupanda, mifupa hudhoofika, na chupa ikimalizika ghafla mwili unaweza kuzimia kwa kuwa umesahau kujitengenezea ya kwake. Dawa ya matumbo ikifanya kazi haraka mno, na uso ukaanza kufura, uliza maswali.

Haki isemwe lakini: watu hawakimbilii chupa kwa ujinga. Kipimo cha kamera ni ghali, madaktari bingwa wa matumbo ni wachache na wengi wako Nairobi, na sindano za kibayolojia kwa waliozidiwa ni fedha ambazo familia ya kawaida Likoni au Lamu haina. Kadi ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka wa 2024 haijaondoa wasiwasi huo. Juu ya yote kuna haya. Mama mtu mzima kuambiwa alale kwa ubavu apitishiwe bomba njia ya haja kubwa, na pengine na kijana wa umri wa mwanawe, wengi huondoka wakasema watarudi. Hawarudi. Wanazuoni wameruhusu mgonjwa kufunuliwa mbele ya tabibu kwa kiasi cha haja, na ni haki yako kuuliza kama kuna daktari wa jinsia yako. Hospitali nazo zingelisema hilo mapema, bila kungoja kuulizwa, zingewapata wagonjwa wengi wanaopotelea madukani.

Mtu aliyeshathibitishwa ana IBD na anataka kujaribu mti, kama manjano, afanye hivi. Asiache dawa ya hospitali hata siku moja, na prednisoloni hasa haiachwi ghafla. Mwenye mimba naye asiache kwa woga bila kumuuliza daktari, kwani ugonjwa uliopanda ni hatari zaidi kwa mtoto kuliko mesalazini. Aanze kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, si mchanganyiko wa miti saba, maana akidhurika hatajua ni upi. Kabla ya kuanza apime kinyesi, kipimo kinaitwa kalprotektini, kinachoonyesha kama ndani kuna uvimbe, kisha apime tena baada ya miezi miwili au mitatu. Hicho ndicho shahidi asiyepokea hongo. Kama tumbo linahisi raha na kipimo bado kiko juu, ugonjwa unaendelea kimyakimya, na huko ndiko kunakozaliwa saratani ya utumbo mpana kwa waliougua miaka mingi. Ndiyo maana wenye vidonda vya utumbo mpana wanatakiwa kuanza kuangaliwa kwa kamera mara kwa mara kuanzia kama mwaka wa 8 wa ugonjwa, hata wakijisikia wazima. Na aachane na vidonge vya maumivu vya kiosk vya aina ya ibuprofeni na diklofenaki, ambavyo vinaweza kuuamsha ugonjwa uliolala.

Na chupa yenyewe aibebe kliniki, aiweke mezani mbele ya daktari. Wagonjwa wengi huificha kwa kuogopa kugombezwa, na hawakosei, maana wengine hugombezwa kweli. Daktari asome kwanza kilichoandikwa, aulize mgonjwa anakunywa kiasi gani na tangu lini, aandike kwenye faili. Kama chupa haina maandishi yoyote, hilo nalo liandikwe.